Maisha ya Daktari David Bruce

Watu wa Afrika ya Mashariki wamemjua mbung'o tangu zamani. Wafugaji walimchukia kuliko simba, maana simba huchukua ng'ombe mmoja akaenda zake, bali mbung'o huweza kumaliza zizi zima. Walakini si wengi wajuao habari za mtu aliyeonyesha kwa hakika jinsi inzi huyu anavyochukua ugonjwa kwa mnyama wa mwitu na kumtia ng'ombe, au kwa mtu mgonjwa na kumtia mzima. Mtu huyo ni David Bruce. Alikuwa daktari wa askari, lakini kazi yake kubwa aliifanya katika damu ya ng'ombe, maziwa ya mbuzi na vichaka vya kando ya ziwa.

1. Utoto wake

David Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei, mwaka 1855, katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia. Wazazi wake walikuwa Waskoti waliokwenda huko siku zile dhahabu ilipokuwa ikichimbwa. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitano wakarudi kwao Uskoti, wakakaa katika mji wa Stirling, na hapo ndipo aliposoma.

Alipotimiza miaka kumi na minne aliacha shule akaenda Manchester kufanya kazi katika ghala la biashara. Alikuwa kijana mwenye maungo na nguvu, mpenda michezo, na tamaa yake ilikuwa kuishi kwa nguvu za mwili wake. Lakini alipokuwa na miaka kumi na saba alishikwa na homa ya mapafu, na ugonjwa ule ukamkata tamaa hiyo. Basi akashika vitabu tena. Mwaka 1876 akaingia chuo kikuu cha Edinburgh. Kwanza alijifunza habari za wanyama, kwa maana tangu utoto alipenda sana kuwatazama ndege. Kisha akageukia uganga, akapata cheti chake mwaka 1881.

Mwaka 1883 mambo mawili makubwa yakampata. Aliingia katika jeshi la Waingereza kuwa daktari, na akamwoa binti wa daktari, jina lake Mary Elizabeth Steele. Hawakujaliwa watoto. Lakini tangu siku ile hata kufa kwao, kazi ya mume ilikuwa kazi ya mke. Bibi huyu alijifunza kutumia hadubini, chombo kile kionyeshacho vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na alikuwa hodari wa kuchora picha za vitu alivyoviona humo.

2. Homa ya Malta

Mwaka 1884 walipelekwa katika kisiwa cha Malta, kilicho kati ya Ulaya na Afrika. Waingereza walikuwa na askari wengi huko, na kila mwaka mamia yao waliugua homa mbaya. Homa ile haikuua wengi, lakini ilitesa. Hupanda ikashuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha ikarudi tena. Viungo vikamuuma, jasho likamtoka usiku kucha, na wengine wakalala kitandani miezi mingi. Hapana aliyejua asili yake. Wengine walisema ni hewa mbaya itokayo katika mifereji michafu, wengine walisema ni maji.

Bruce alinunua hadubini kwa fedha yake mwenyewe, akaanza kutafuta. Askari mmoja alipokufa kwa homa ile, alichukua kipande cha bandama yake akakichunguza. Mwaka 1886 aliona humo vijidudu vidogo mno, na mwaka uliofuata akatoa habari zake. Alivikuza vijidudu vile katika chupa, akavitia katika mwili wa nyani, na nyani akapata homa ile ile. Basi ikajulikana kwamba hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa.

Lakini swali kubwa lilibaki. Vijidudu hivi vinatoka wapi, na vinaingiaje katika mwili wa mtu? Bruce aliondoka Malta mwaka 1889 pasipo kulijibu. Jibu lilikuwa likipita mlangoni pake kila asubuhi, kama tutakavyoona.

3. Nagana katika nchi ya Wazulu

Mwaka 1894 Bruce alikuwa Natal, Afrika ya Kusini. Huko kaskazini, katika nchi ya Wazulu, ng'ombe na farasi walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita nagana. Mnyama aliyeshikwa alikonda, manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi, damu yake ikawa kama maji, kisha akafa. Gavana wa Natal akamwomba Bruce aende akautafute ugonjwa huo.

Bruce na mkewe wakasafiri kwa gari la kukokotwa na ng'ombe hata Ubombo, mahali palipo juu ya mlima. Wakakaa katika kijumba cha miti na udongo, na humo wakaweka hadubini yao. Juu ya mlima hapakuwa na nagana. Chini, katika nchi ya joto na miti, nagana ilikuwa tele, na huko chini ndiko walikokuwako mbung'o.

Katika habari hii palikuwa na maneno ya namna mbili. Wazulu walisema kwamba ugonjwa unatokana na wanyama wa mwitu, ambao hutia uchafu katika majani na maji wanayotumia ng'ombe. Wazungu wengi waliosafiri huko walisema kwamba ni sumu ya mbung'o mwenyewe. Bruce hakuyadharau maneno ya upande wowote. Aliyajaribu yote.

Alipoitazama damu ya ng'ombe wagonjwa katika hadubini, aliona kitu kikicheza kati ya chembe za damu, chembamba kama nyoka mdogo, kikizisukuma huku na huku. Vijidudu vya namna hii huitwa tripanosoma. Kisha akateremsha farasi wazima katika nchi ya mbung'o, akiwa amewafunga vinywa ili wasile jani wala kunywa maji ya huko. Akawarudisha mlimani, nao wakaugua. Akachukua majani na maji ya huko chini, akawapa farasi wengine waliokaa mlimani. Hawa hawakuugua. Mwisho akakamata mbung'o, akawapandisha mlimani ndani ya vizimba vya kitambaa, akawaacha wamwume mnyama mzima. Mnyama yule akapata nagana.

Basi majani na maji yalikuwa hayana hatia, na mbung'o ndiye mchukuzi. Lakini mbung'o alivipata wapi vijidudu vile? Bruce akachukua damu ya nyati, ya nyumbu, ya tandala na ya pongo. Wanyama hawa walikuwa wazima, wanono, hawana dalili yoyote ya ugonjwa. Hata hivyo, damu ya baadhi yao ilipotiwa katika mwili wa mbwa, mbwa akaugua nagana akafa. Ikadhihirika kwamba Wazulu nao walikuwa na kweli: wanyama wa mwitu walikuwa ghala ya ugonjwa. Wenyewe wamezoeana nao hauwadhuru, lakini mbung'o huutoa kwao akawapelekea ng'ombe wageni.

Hivyo kila upande ulikuwa na nusu ya kweli, na Bruce aliziunganisha nusu mbili. Mwaka 1899 wataalamu wakakiita kijidudu kile kwa jina lake, Trypanosoma brucei.

Mwaka ule ule vita vya Makaburu vikaanza. Bruce na mkewe wakazingirwa katika mji wa Ladysmith kwa muda wa siku 118. Bruce akawa mkuu wa hospitali, akapasua majeruhi, na Bibi Bruce akawauguza. Kwa kazi ile bibi huyu alipewa nishani.

4. Malale katika Uganda

Sasa yafaa kusimulia msiba mwingine uliotangulia. Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki ukaua ng'ombe wasiohesabika, na nyati pia. Watu waliotegemea mifugo wakapata njaa kubwa. Mahali pengi watu walikufa au walihama, mashamba yakaachwa, na pale ambapo ng'ombe walikuwa wakila majani yakafyekeka, pakaota vichaka. Na kichaka ndicho nyumba ya mbung'o, maana hupenda kivuli, na hufa katika jua kali la mahali peupe. Hivyo nchi nyingi zilizokuwa salama zikawa makao ya inzi huyu.

Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert Cook na Jack Cook, wa hospitali ya misheni ya Mengo, waliona wagonjwa wa namna mpya. Walianza kwa homa na kichwa kuuma. Kisha wakawa wazito wa maneno, wakasinzia wakila, wakasinzia wakitembea, wakakonda, wakalala usingizi usio na kuamka. Haya yalikuwa malale. Ugonjwa ukaenea kando ya Ziwa Victoria na katika visiwa vya Sese. Katika miaka michache walikufa watu zaidi ya 200,000. Vijiji vizima vilibaki na mitumbwi isiyo na wavuvi.

Wataalamu wakatumwa kutoka Uingereza. Mmoja wao, Aldo Castellani, aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alifika Entebbe mwezi wa Machi mwaka 1903, na Castellani akamwonyesha aliyoyaona. Mtu mwingine labda angalikuwa na shaka. Lakini Bruce alikumbuka ng'ombe wa nchi ya Wazulu. Ikiwa tripanosoma ya ng'ombe huchukuliwa na mbung'o, je, hii ya watu haichukuliwi naye vile vile?

Kwanza ilimpasa kujua kama mbung'o wako. Walipotafuta, wakawaona katika vivuli vya miti ya ufukoni, aina ya mbung'o ambao Waganda walimwita kivu. Kisha Bruce akafanya jambo la akili sana. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu na wamisheni, ilitolewa amri ya kukamata inzi wa kila mahali, kuwatia katika karatasi, na kuandika mahali walipokamatwa na kama malale yako huko. Vifurushi vikafika kutoka pande zote za nchi. Bruce akachora ramani mbili. Katika ya kwanza alitia alama mahali penye mbung'o, katika ya pili mahali penye malale. Alipoziweka pamoja, alama zilifuatana: ufukoni na visiwani kote kulikuwa na mbung'o na malale pia. Mbali na ziwa, mbung'o yule hakuwako, wala malale hayakuenea.

Akawaweka pia mbung'o wa ufukoni juu ya nyani wazima, wakawauma, na baadhi ya nyani wakapata tripanosoma. Shaka ikaisha. Kazi hii yote ilichukua miezi mitano tu, lakini mizizi yake ilikuwa ile miaka ya taabu katika kijumba cha Ubombo.

Dawa nzuri ya malale haikuwako siku zile. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell akawahamisha watu wa ufukoni, na baadaye visiwa vikaachwa bila watu. Wengi waliacha nyumba, migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao. Lilikuwa jambo chungu, lakini vifo vikapungua.

Bruce alirudi Uganda mwaka 1908, akaona jambo la ajabu. Ufuko ulikuwa umekaa bila watu zaidi ya miaka miwili, na hata hivyo mbung'o wake walikuwa bado na vijidudu vya malale. Basi vijidudu vile vilikaa wapi? Akajaribu, akaona kwamba paa wa mwitu waweza kuvichukua katika damu yao bila kuugua. Katika mwaka 1909 Mjerumani mmoja, Daktari Friedrich Kleine, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alionyesha pia kwamba vijidudu hukaa ndani ya mbung'o siku nyingi vikikua, kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Bruce alikuwa amedhani vinginevyo. Akayajaribu maneno ya Kleine, akaona ni kweli, akayakubali.

5. Mbuzi wa Malta

Sasa turudi Malta, kwa maana fumbo lile la kwanza lilifumbuliwa katikati ya mambo haya. Mwaka 1904 wataalamu waliwekwa kuichunguza tena homa ya Malta, na Bruce akawa mkuu wao. Walipima maji, mavumbi, hewa na mbu, wasione jibu.

Katika kisiwa kile, mbuzi walikuwa wengi. Kila asubuhi wachungaji waliwapitisha mitaani, wakawakama mlangoni pa kila mnunuzi mbele ya macho yake, ili ajue kwamba maziwa hayakutiwa maji. Mbuzi wale walikuwa wazima, na hapana aliyewashuku. Mwaka 1905 daktari mmoja wa kabila la Malta, Themistocles Zammit, alitaka kujua kama mbuzi aweza kupata homa ile. Alipoipima damu ya mbuzi, aliona kwamba baadhi yao wanayo tayari! Wakapimwa wengine wengi. Karibu nusu yao walionyesha dalili katika damu, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa vijidudu katika maziwa yake.

Mambo yaliyokuwa fumbo yakaeleweka yote. Maofisa waliugua zaidi kuliko askari wa kawaida, kwa sababu walikunywa maziwa mengi zaidi. Wagonjwa walioingia hospitali kwa maradhi mengine walipata homa humo humo, kwa sababu walipewa maziwa ili wapate nguvu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi. Mara homa ikapungua katika jeshi, hata mwaka 1907 wagonjwa wakawa wachache tu.

Lakini watu wa mjini hawakukatazwa, na wengi hawakuamini kwamba mbuzi mzima aweza kuleta ugonjwa. Wakaendelea kunywa, wakaendelea kuugua, mpaka mwaka 1938 ilipoanzishwa huko kazi ya kupasha maziwa moto ili kuua vijidudu. Kujua ni jambo moja. Kuyafuata unayoyajua ni jambo jingine.

Leo kijidudu kile kinaitwa Brucella, kwa heshima ya Bruce. Ndugu zake hukaa katika ng'ombe wakaleta ugonjwa wa kutupa mimba, nao huambukiza watu mpaka leo katika nchi nyingi, hata katika Afrika ya Mashariki.

6. Siku zake za mwisho

Mwaka 1908 mfalme alimpa Bruce cheo cha Sir. Kuanzia mwaka 1911 hata 1913 alikuwa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, akichunguza malale ya huko. Aliona kwamba vijidudu vyake vimo katika wanyama wengi wa mwitu, navyo vinafanana na vile vya nagana ya Wazulu. Wataalamu wa leo wanakubali kwamba ni jamii moja.

Kwa ajili ya jambo hilo Bruce alishauri wanyama wa mwitu waangamizwe katika nchi zenye mbung'o. Katika miaka iliyofuata maelfu na maelfu waliuawa sehemu mbalimbali za Afrika ya Kusini. Hapo shauri lake halikuwa jema kama uchunguzi wake. Leo watu wana njia nyingine: vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vilivyotiwa dawa huwavuta mbung'o wakafa, na ng'ombe hutibiwa ili wasiwe ghala ya ugonjwa wa watu. Mnyama wa mwitu huweza kuachwa aishi.

Wakati wa vita vikuu vya mwaka 1914 Bruce alikuwa mkuu wa chuo cha madaktari wa jeshi mjini London, akashughulikia pepopunda iliyokuwa ikiwaua majeruhi. Kisha akastaafu, kifua kikimsumbua.

Tarehe 23 Novemba, mwaka 1931, Bibi Bruce alifariki. Siku nne baadaye watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada ya maziko yake, na saa ile ile mumewe naye akakata roho. Kabla ya kufa aliomba kwamba, ikiwa watu wataandika habari za kazi yake, wasisahau kuandika na sehemu ya mkewe.

Watu wengi kabla ya Bruce walimtibu mtu peke yake, na ng'ombe peke yake, na pori wakaliacha. Yeye aliona kwamba hivyo vitatu ni kitu kimoja. Homa ya askari ilikuwa katika mbuzi, kifo cha ng'ombe kilikuwa katika nyati, na usingizi wa mvuvi ulikuwa katika kichaka cha ufukoni. Achemshaye maziwa kabla ya kunywa, asiyeshika kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa na ng'ombe, na afyekaye kichaka cha kisima cha kijiji, huyo anaifuata kazi ya David Bruce hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Maswali

1. Kwa nini Bruce aliwafunga farasi vinywa kabla ya kuwateremsha katika nchi ya mbung'o?
2. Wazulu walisema nini juu ya nagana, na Wazungu walisema nini? Ni nani aliyekuwa na kweli?
3. Eleza jinsi ramani mbili zilivyosaidia kujua asili ya malale.
4. Kwa nini wagonjwa wa hospitali ya Malta walipata homa?
5. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe. Iliwezaje kuwaletea watu madhara?
6. Taja mambo matatu yanayofaa kufanywa nyumbani kwenu ili watu wasipate magonjwa ya mifugo.